Simvastatini, atorvastatini au rosuvastatini: ipi inafaa kuta za mishipa yako?

Mtu akishakabidhiwa boksi la statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwenye dirisha la famasi, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Hii ndiyo inayosafisha mishipa?" Ni swali zuri. Karatasi ya maabara inaonyesha kolesteroli imeshuka kiasi gani kwenye damu, lakini ugonjwa wenyewe haukai kwenye damu. Unakaa ukutani, ndani ya mshipa, na anayemeza kidonge kila siku ana haki ya kujua kama kinafanya kazi huko.

Kazi yangu ni kutoa dawa hapa Dar es Salaam. Ninalinganisha statini tatu ambazo ukizunguka Kariakoo, Magomeni au Mbagala ni rahisi kukutana nazo, na pembeni nimeweka ezetimibe, dawa ya kolesteroli isiyo statini, kwa sababu inatusaidia kupima maneno ya wauzaji. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa wakazi wengi wa jiji hili, hasa wanaotumia tayari dawa za presha, atorvastatini ndiyo ya kuanzia. Sababu yangu lakini si ile inayosemwa sana, kwamba "inapenya" kwenye mshipa kuliko wenzake.

Ukutani kuna nini

Ukuta wa ateri una aina tatu za seli zinazotuhusu. Kwanza ni endothelia, seli za utando wa ndani kabisa, tabaka moja jembamba linalogusana na damu. Hizi hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, inayolegeza mshipa upanuke na kuzuia chembe sahani za damu zisishikane juu yake. Ugunduzi kwamba ni gesi inayopeleka ujumbe huo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Nyuma ya endothelia, kwenye tabaka la kati, kuna seli za misuli laini. Kisha kuna makrofaji, ambazo nyingi ni wageni: seli nyeupe zilizoingia kutoka kwenye damu pale palipoharibika.

Uharibifu huanza LDL, ile kolesteroli mbaya, inapokaa juu kwa miaka. Chembe zake hupenya chini ya endothelia na kuharibika kwa kuungana na oksijeni. Endothelia hupunguza gesi yake na kuchomoza protini zinazonasa seli nyeupe zinazopita. Zilizonaswa huingia, hugeuka makrofaji, na hula mafuta mpaka hujaa na kufia humo humo. Misuli laini nayo huhama tabaka lake, huzaliana, na kujenga kifuniko cha kolajeni, protini ngumu ya nyuzi, juu ya rundo hilo. Rundo na kifuniko chake ndiyo plaki.

Plaki ya kuogopwa zaidi si lazima iwe kubwa. Ni ile yenye kifuniko chembamba, ambacho makrofaji zinakiyeyusha kwa vimeng'enya vyao. Siku kikipasuka, damu inaganda juu ya mpasuko, na mtu aliyetoka nyumbani mzima asubuhi anafikishwa hospitali ya Muhimbili mchana kwa shambulio la moyo au kiharusi. Ndiyo maana dawa nzuri hailazimiki kuondoa plaki yote. Ikituliza endothelia, ikapunguza makrofaji na kuacha kifuniko kinene, imemlinda mtu hata kama plaki bado ipo. Kuna wagonjwa wanaoshtuka wakiambiwa kwamba baada ya miaka ya statini chokaa kwenye ateri za moyo imeongezeka. Plaki iliyotulia huwa na chokaa zaidi, na statini zinajulikana kuisogeza plaki upande huo, kwa hiyo peke yake hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Statini zinavyofika kwenye seli

Zote tatu ni za ukoo mmoja. Mjapani Akira Endo, akiwa katika kampuni ya Sankyo jijini Tokyo miaka ya 1970, alipata statini ya kwanza kutoka kwenye ukungu uitwao Penicillium citrinum. Dawa hizi huzuia kimeng'enya cha HMG-CoA ridaktesi, ambacho seli hukihitaji mwanzoni mwa kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi vya LDL juu ya seli zake na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Namba ya maabara inashuka kwa njia hiyo.

Ila njia hiyo hiyo ya kikemia haitengenezi kolesteroli peke yake. Katikati yake hutoka vimafuta vidogo, isoprenoidi, ambavyo seli huvitumia kushikiza protini fulani kwenye utando wake ili zifanye kazi. Mojawapo ni Rho. Kuzuia kimeng'enya cha mwanzo ni kama kufunga koki kubwa ya mtaa: maji hukatika kwenye nyumba uliyoikusudia na kwenye nyingine zote zilizounganishwa na bomba hilo. Rho ikikosa kushikizwa hudhoofika. Endothelia, ambayo Rho ilikuwa ikiibana, huongeza kimeng'enya cha kutengeneza oksidi ya nitriki. Ulrich Laufs na James Liao walilionyesha hilo mwaka 1998 kwenye seli za endothelia za binadamu.

Baada ya hapo yakafuata mengine. Protini za kunasa seli nyeupe zilionekana kupungua, makrofaji zikatoa vimeng'enya vichache, misuli laini ikaacha kuzaliana ovyo. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani waliwapa wagonjwa wa ateri za moyo atorvastatini 40 mg kwa siku, na ndani ya wiki 4 seli changa zinazohusishwa na ukarabati wa endothelia zilikuwa zimeongezeka kwenye damu yao.

Hoja ya "inayopenya"

Simvastatini na atorvastatini hupenda mafuta, kwa hiyo hupita kwenye utando wa seli yoyote kwa urahisi. Rosuvastatini hupenda maji, sawa na ndugu yake mkongwe pravastatini. Hizi huhitaji protini za kuzibeba ndani, na protini hizo ziko kwa wingi kwenye seli za ini. Ukiweka misuli laini ya mshipa kwenye kisahani cha maabara na kuitilia simvastatini, kuzaliana kunasimama. Ukiitilia pravastatini, seli zinaendelea karibu kama kawaida.

Kutoka kwenye kisahani hicho ndiko ilikozaliwa hoja kwamba statini inayopenya ndiyo inayotibu mshipa, na nyingine inashusha namba tu. Siikubali. Dozi za kisahani mara nyingi huwa kubwa kuliko kiasi kinachofika kwenye ateri za mtu aliyemeza kidonge, maana ini hukamata sehemu kubwa ya dawa kabla haijasambaa mwilini. Halafu ipo pravastatini yenyewe, ile "isiyopenya". Mwaka 2001 watafiti wa Sweden waliwapa pravastatini 40 mg kwa miezi 3 wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa ateri za shingo. Plaki zilizotolewa zilipokatwa na kuangaliwa kwa hadubini, zilikuwa na mafuta machache, uvimbe mdogo na kolajeni nyingi kuliko za wagonjwa ambao hawakutumia dawa. Kifuniko kiliimarika kwa dawa ambayo kwenye kisahani haikuigusa sana misuli laini. Kwangu mimi plaki ya binadamu ina uzito kuliko kisahani.

Zilipokutanishwa uso kwa uso, tofauti ilizidi kufifia. Utafiti wa SATURN, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha atorvastatini 80 mg na rosuvastatini 40 mg kwa wiki 104, plaki zikipimwa kwa ultrasaundi iliyoingizwa ndani ya ateri za moyo. Zilipungua pande zote mbili, na kwenye kipimo kikuu hakukuwa na tofauti ya maana kitakwimu. Mwaka 2023 Korea Kusini walitoa matokeo ya LODESTAR: wagonjwa 4,400, nusu rosuvastatini na nusu atorvastatini, kwa miaka 3. Vifo, mashambulio ya moyo, viharusi na kuzibuliwa ateri kwa pamoja vilikuwa asilimia 8.7 upande wa rosuvastatini na 8.2 upande wa atorvastatini. Yaani sawa. Waliotumia rosuvastatini walipata kisukari kipya na mtoto wa jicho mara nyingi zaidi kidogo, jambo ambalo nalikumbuka ninapohudumia mtu ambaye sukari yake iko ukingoni.

Ezetimibe inatufundisha nini

Ezetimibe haigusi kimeng'enya kinachozuiwa na statini wala Rho. Inazuia utumbo usifyonze kolesteroli, na ikitumika peke yake hushusha LDL kwa takriban asilimia 18. Mwaka 2005 Ulf Landmesser na wenzake waligawa wagonjwa 20 wenye moyo uliodhoofika: wengine simvastatini 10 mg, wengine ezetimibe 10 mg, wiki 4. LDL ilishuka kwa kiasi kinachofanana, lakini endothelia iliboreka kwa waliopewa simvastatini peke yao. Ukiishia hapo utasema kazi yote iko kwenye seli na LDL ni kisingizio.

Usiishie hapo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa IMPROVE-IT, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 18,000 waliowahi kulazwa kwa shambulio la moyo au tishio lake. Wote walikuwa kwenye simvastatini, nusu wakaongezewa ezetimibe. Baada ya miaka 7, waliopata matukio ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 32.7 kwa walioongezewa na 34.7 kwa wengine. Tofauti ndogo, lakini imepatikana kwa kushusha LDL tu, bila kuigusa Rho. Evolokumabu, sindano inayoongeza uwezo wa ini kuondoa LDL na ambayo haishushi kipimo cha uvimbe cha CRP, ilipunguza matukio kwa asilimia 15 katika utafiti wa FOURIER mwaka 2017. Na majaribio makubwa ya statini yakiunganishwa, kila 1 mmol/L ya LDL inayoondoka huambatana na upungufu wa takriban asilimia 22 wa mashambulio ya moyo, viharusi na upasuaji wa ateri.

Ninavyolisoma mimi: faida ya moja kwa moja kwenye seli ipo, na statini zote zinayo. Hiyo ni sababu ya kuanza na statini kabla ya ezetimibe. Si sababu ya kuichagua statini hii na kuiacha ile. Kati ya statini na statini, uamuzi uwe juu ya LDL inashuka kiasi gani, dawa nyingine ulizonazo, figo zako, na kama utaimeza kila siku.

Kwa nguvu

Simvastatini 40 mg hushusha LDL kwa karibu asilimia 40. Atorvastatini hufika hapo kwa 20 mg, na kwa 40 hadi 80 mg hufikia nusu hivi. Rosuvastatini ndiyo yenye nguvu zaidi kwa miligramu: 10 mg hushusha kwa asilimia 45 hivi, 20 mg huvuka nusu. Kuongeza dozi mara mbili hakuongezi nguvu mara mbili. Unapata kama asilimia 6 zaidi tu, na hapo kuongeza ezetimibe mara nyingi kuna maana kuliko kupandisha miligramu.

Simvastatini haina pa kupanda. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2011 ilizuia wagonjwa wapya wasianzishwe dozi ya 80 mg kwa sababu ya kuharibu misuli, kwa hiyo 40 mg ndiyo mwisho wake. Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi anahitaji LDL ishuke kwa nusu au zaidi, na simvastatini peke yake haimfikishi.

Kwa dawa nyingine ulizonazo

Hapa ndipo natamani watu wasome taratibu. Simvastatini huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Dawa nyingine ikikishughulisha kimeng'enya hicho, simvastatini hujaa kwenye damu na misuli huumia. Amlodipine, dawa ya presha iliyo kwenye mikoba ya wazee wengi wa Dar, ni mojawapo: anayeitumia asizidishe simvastatini 20 mg.

Kuna mama wa makamo aliyekuja dirishani kutafuta dawa ya maumivu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nipe diklofenaki, mapaja yananiuma mpaka ngazi za daladala zinanishinda." Nilimwomba anionyeshe dawa zake zote. Akatoa bahasha ndogo za karatasi, majina yameandikwa kwa kalamu: amlodipine 10 mg, simvastatini 40 mg, kila moja imeanzishwa sehemu tofauti. Hakuna aliyeziona pamoja. Diklofenaki sikumpa, kwa sababu ingemfichia dalili na kumpandishia presha. Tulimpigia daktari wake, simvastatini ikasimamishwa, akapimwa damu kuangalia misuli, na maumivu yalipoisha akaanzishiwa atorvastatini 20 mg. Ngazi za daladala anazipanda.

Atorvastatini nayo hupita kwenye CYP3A4, ila kwa kiasi kidogo, na kwa amlodipine haihitaji kupunguzwa. Ukiandikiwa klarithromisini kwa kifua au itrakonazo kwa fangasi, mwambie daktari kwamba unatumia statini. Simvastatini husimamishwa kabisa kwa siku hizo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huichoma simvastatini haraka mpaka haifanyi kazi ya kutosha.

Kwa anayetumia ARV zenye ritonavir, simvastatini ni marufuku. Atorvastatini na rosuvastatini zinawezekana kwa dozi ndogo ambayo daktari wa kliniki ataipanga. Dolutegravir, ARV nyingine, haina ugomvi huo. Kundi hili lisisahaulike, kwa kuwa virusi vyenyewe huwasha endothelia hata vikiwa vimedhibitiwa. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, ambao Uganda, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini zilishiriki, ulionyesha pitavastatini, statini nyingine, kwa 4 mg ikipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wenye VVU ambao kolesteroli zao hazikuwa za kutisha.

Kwa figo, kwa saa, kwa mfungo

Mwenye figo dhaifu aende na atorvastatini, haibadilishwi dozi. Rosuvastatini kwa figo zilizochoka sana huanza 5 mg na haivuki 10. Pia vidonge vya kutafuna vya kiungulia vyenye magnesiamu na aluminiamu huizuia rosuvastatini kuingia mwilini. Vimezwe baada ya muda wa saa 2 tangu umeze rosuvastatini.

Simvastatini huisha haraka mwilini, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku, kwa hiyo imezwe usiku. Hizo mbili nyingine hukaa muda mrefu, saa yoyote inafaa. Wakati wa Ramadhani hakuna sababu ya kuacha hata moja: simvastatini baada ya tarawehe, nyingine kwa futari au daku, mradi saa isirukeruke.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asitumie mpaka daktari aseme.

Maumivu, kisukari, na kitunguu saumu

Maumivu ya misuli yapo, lakini si yote ni ya dawa. Katika utafiti wa SAMSON wa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu statini, kidonge tupu, na miezi bila kidonge chochote. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge tupu. Walikuwa wanaumwa kweli, na nusu yao waliweza kurudi kwenye dawa baada ya kuona matokeo yao wenyewe. Ila misuli ikiuma na kulegea ghafla, na mkojo ukawa rangi ya kola, acha kidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Sukari inaweza kupanda kidogo, zaidi kwa dozi kubwa na kwa aliyekuwa karibu na kisukari tayari. Kwa mwenye hatari kubwa ya moyo, faida bado inazidi.

Naulizwa kila mara kama kitunguu saumu, mdalasini au manjano vinaweza kuchukua nafasi. Mwaka 2022 vilipimwa hivyo vitatu, kila kimoja peke yake, pamoja na mafuta ya samaki na vingine, dhidi ya rosuvastatini 5 mg kwa siku 28. Rosuvastatini ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38. Vyote vingine havikufanya vizuri kuliko kidonge tupu. Vitumie kwenye mchuzi kwa raha zako, na kidonge ukimeze.

Kabla hujaacha

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuacha dawa kwa sababu "vipimo vimekaa sawa". Vimekaa sawa kwa sababu ya dawa. Kwenye panya wa maabara, statini ikikatishwa ghafla Rho hurudi kwa nguvu na oksidi ya nitriki hushuka chini hata ya pale ilipokuwa kabla ya matibabu. Kwa wagonjwa waliolazwa na moyo, waliosimamishiwa statini walifanya vibaya kuliko walioendelea nayo. Kubadilisha statini moja kwa nyingine ni sawa. Kubaki bila yoyote bila shauri la daktari ni hatari.

Pima LDL kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, ukiwa na karatasi ya kipimo cha kwanza mkononi ili ilinganishwe. Ukisahau kidonge cha jana, meza cha leo kwa saa yake, usimeze viwili.